Mtihani wa GMAT: maswali tunayoulizwa na wanaojiandaa

Kwa muda sasa nimekuwa nikikaa na watu wanaojiandaa kwa GMAT. Wengi ni wahasibu, maofisa wa benki, wahandisi na walimu wanaofungua daftari saa tatu usiku watoto wakishalala. Maswali yanayorudi ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko watu wanakoumia.

GMAT ni mtihani gani, na nani anautoa?

Ni mtihani wa kujiunga na shule za biashara na uongozi kwa ngazi ya uzamili, hasa MBA. Unamilikiwa na baraza liitwalo GMAC, lenye makao yake Marekani, na umekuwepo tangu miaka ya 1950. Unafanywa kwa kompyuta, kwa Kiingereza, karibu mwaka mzima. Hauna msimu kama kidato cha nne. Unachagua siku mwenyewe.

Je, lazima niufanye?

Inategemea unakoomba. Vyuo vingi vya kwetu huchukua wanafunzi wa MBA kwa kuangalia shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi na usaili, bila GMAT. Ukilenga shule kubwa za Marekani, Uingereza, Ufaransa au Uhispania, nyingi zitakutaka ulete alama za GMAT au za GRE, mtihani mwingine wa kujiunga na masomo ya uzamili. Zipo zinazosamehe mtihani kwa mwenye uzoefu mrefu, lakini msamaha huombwa kwa maandishi na una tarehe yake. Usidhani umesamehewa kwa sababu tu una miaka kumi kazini.

Jambo moja watu hulisahau: hata pale mtihani usipokuwa lazima, alama nzuri hukusaidia kwenye ufadhili. Mtu anayetoka chuo ambacho kamati ya udahili ya ng'ambo haikifahamu vizuri ananufaika zaidi, kwa sababu alama hizo wanajua kuzisoma.

Nichague GMAT au GRE?

Fanya jaribio moja la bure la kila mmoja, kisha linganisha. GRE hutolewa na ETS, shirika la mitihani la Marekani, na ina insha, msamiati mgumu na jiometri, lakini kikokotoo unakipata kwenye hesabu. GMAT haina insha wala jiometri, ila inakubana zaidi kwenye hoja na takwimu. Shule nyingi hupokea yote miwili bila upendeleo, kwa hiyo chagua ule unaokupa nafasi nzuri zaidi.

Kaka yangu ana vitabu vya GMAT vya mwaka 2018. Vinanifaa?

Kwa sehemu. Mtihani ulibadilishwa sana. Toleo jipya lilianza Novemba 2023 na la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Insha imeondolewa. Maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza yameondolewa. Jiometri imeondolewa. Ukivichukua vitabu hivyo, ruka sehemu hizo zote. Sura za kuchambua hoja, za ufahamu na za aljebra bado zina kazi. Ninaona uchungu kila nikikutana na mtu aliyemaliza mwezi mzima akikariri kanuni za sarufi ambazo hazimo tena.

Mtihani umegawanyikaje?

Sehemu tatu, kila moja dakika 45, jumla saa 2 na dakika 15. Ya hesabu, iitwayo Quantitative Reasoning, ina maswali 21. Ya lugha na hoja, Verbal Reasoning, ina maswali 23. Ya tatu, Data Insights, ina maswali 20 ya kusoma majedwali, grafu na taarifa kutoka vyanzo kadhaa. Kikokotoo kinakuwepo kwenye skrini katika hiyo ya tatu tu. Kwenye hesabu unatumia kichwa na kalamu.

Unachagua mwenyewe uanze na sehemu ipi. Kuna mapumziko ya hiari ya dakika 10, ambayo unaweza kuyachukua baada ya sehemu ya kwanza au ya pili. Yachukue. Ukichelewa kurudi, dakika ulizopitiliza zinakatwa kwenye sehemu inayofuata.

Nasikia kompyuta "inakupima" huku unajibu. Maana yake nini?

Swali linalofuata huchaguliwa kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia. Ukipata, linakuja gumu zaidi; ukikosa, linashuka kidogo. Ndiyo maana hata mtu mwenye alama kubwa sana hutoka chumbani akihisi amepigwa. Mtihani umemfuata hadi pale anapoishia.

Hili lina matokeo mawili ya vitendo. La kwanza: huwezi kuruka swali. Lazima ujibu lililo mbele yako ndipo lingine lije. Unaweza kuliwekea alama ya kulirudia, na ukimaliza sehemu kabla ya muda, utarudi kuyaangalia uliyojibu. Hapo unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu kwa kila sehemu. Matatu, basi.

La pili, ambalo ndilo zito: maswali yasiyojibiwa muda unapoisha yanakuadhibu kuliko kukosa. Kwa hiyo anayeng'ang'ania swali la tano kwa dakika sita anamnyang'anya muda mtu mwingine, ambaye ni yeye mwenyewe akiwa swali la kumi na tisa.

Shuleni tulifundishwa kwamba mwanafunzi bora haachi swali. Mwalimu alituambia tukae nalo mpaka litoke, na kwa mtihani wa kuonyesha njia, ushauri huo ulikuwa sahihi. Hapa hakuna alama za njia. GMAT inampima meneja: una taarifa pungufu, una muda mfupi, amua, kisha endelea. Kuliachia swali kwa wakati wake ni ujuzi unaofunzwa kama ujuzi mwingine wowote, na kwa wengi niliokaa nao, huo ndio uliowapandisha.

Njia ninayowapa ni ya saa. Kwenye hesabu, ukimaliza swali la 7 ziwe zimebaki dakika 30. Ukimaliza la 14, zibaki 15. Ukiona umechelewa kwa zaidi ya dakika mbili, swali gumu linalofuata lipe sekunde 30, chagua jibu linaloelekea, wekea alama, songa.

Maswali ya "taarifa inatosha au haitoshi" yananichanganya kabisa. Nifanyeje?

Haya huitwa Data Sufficiency, na siku hizi yamo kwenye sehemu ya Data Insights. Huulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Tuchukue mfano niliotunga mwenyewe.

Mama lishe anauza chapati na chai. Je, bei ya chapati moja ni zaidi ya shilingi 500?
Taarifa ya 1: Chapati 3 na vikombe 2 vya chai ni shilingi 2,500.
Taarifa ya 2: Chapati 6 na vikombe 4 vya chai ni shilingi 5,000.

Aliyesoma aljebra anaona vitu viwili visivyojulikana, anaona taarifa mbili, na moyo unaruka: milinganyo miwili, vigeu viwili, zikiunganishwa zinatosha! Anabofya na kuendelea, tena kwa furaha.

Rudi uziangalie. Taarifa ya 2 ni ile ya 1 iliyozidishwa kwa mbili. Hujaongezewa chochote. Sasa jaribu bei: chapati ikiwa 700, chai ni 200, na hesabu inakubali. Chapati ikiwa 300, chai ni 800, na bado inakubali. Jibu la kwanza ni ndiyo, la pili ni hapana. Kwa hiyo hata zikiunganishwa, hazitoshi.

Tabia ya kujenga hapa ni ya mkono kabla ya kichwa: andika taarifa ya kwanza peke yake, tafuta hali mbili zinazoikubali lakini zinaleta majibu tofauti. Ukizipata, haitoshi. Kisha ifunike kwa kiganja, kweli kweli, usome ya pili kana kwamba ya kwanza hujawahi kuiona. Unganisha baada ya hapo tu. Wengi hukosea kwa sababu wanabeba taarifa ya kwanza ndani ya ya pili bila kujua.

Hesabu niliziacha miaka kumi iliyopita. Nianzie wapi?

Anzia chini bila haya: sehemu, asilimia, uwiano, mwendo na muda, namba tasa na vigawanyo, vipeo, milinganyo, wastani, uwezekano. Karibu yote ulishayapitia sekondari. Ugumu unatokana na namna swali linavyofungwa.

Wiki mbili za mwanzo fanya hesabu bila kikokotoo kwenye maisha ya kila siku. Ukiwa sokoni, kokotoa chenji kabla muuzaji hajaitaja. Asilimia 15 ya 240 ni ngapi? Asilimia 10 ni 24, nusu yake 12, jumla 36. Mtu anayefanya hivi bila kushika simu anaokoa sekunde nyingi chumbani.

Kiingereza changu ni cha shuleni na ofisini. Nitaweza sehemu ya lugha?

Utaweza. Tangu maswali ya kusahihisha sentensi yaondolewe, sehemu hii imebaki na aina mbili: kusoma kifungu na kujibu, na kuchambua hoja. Yote yanapima kufikiri kuliko ufasaha.

Chukua hoja kama hii. Kampuni ya mabasi ilipunguza nauli mwezi Januari, na mwezi huohuo abiria wakaongezeka; meneja anasema punguzo la nauli ndilo lililoleta abiria. Ukiulizwa kipi kinaidhoofisha hoja hiyo, usitafute sentensi inayosema meneja ni mwongo. Tafuta sababu nyingine ya abiria kuongezeka. Kwa mfano, shule zilifunguliwa mwezi huo, na abiria wengi walioongezeka ni wanafunzi. Hiyo inagusa kiungo kati ya ushahidi na hitimisho, na kiungo hicho ndicho kinachoulizwa.

Kabla ya kusoma majibu matano, jiambie kwa Kiswahili, kimoyomoyo, hoja inadai nini na inasimama juu ya nini. Ndiyo, kwa Kiswahili. Sioni ubaya wowote wa kufikiri kwa lugha unayoimudu zaidi, mradi uwe umeelewa maandishi. Kwa ufahamu, soma kila siku makala moja ngumu ya sayansi, historia au uchumi, kisha funga ukurasa ueleze kwa sentensi mbili mwandishi alitaka nini. Dakika ishirini zinatosha.

Nijiandae kwa muda gani? Na nilipie kozi?

Kwa mtu mwenye kazi, miezi mitatu ya saa kumi hadi kumi na mbili kwa wiki ni mpango wa kweli. Anayetoka mbali na hesabu ajipe minne au mitano. Zaidi ya hapo mtu huanza kusahau alichosoma mwanzo.

Kuhusu kozi, tafadhali usilipe kitu kabla ya kutumia vya bure. GMAC yenyewe inatoa kwenye tovuti ya mba.com majaribio mawili kamili na maswali 70 bila malipo, na programu yake inafanana na ya mtihani wenyewe. Fanya jaribio la kwanza wiki ya kwanza, hata kama hujasoma kitu, ujue umesimama wapi. La pili litunze hadi wiki mbili za mwisho.

Katikati ya majaribio hayo mawili, kitu kinachofanya kazi kuliko kozi yoyote niliyoiona ni daftari la makosa. Kila swali ulilokosa liandike: lilihusu nini, ulichagua nini, na kwa nini ulidhani ni sahihi. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani. "Nilikosea hesabu" haikusaidii. "Nilisoma 'angalau' nikaelewa 'zaidi ya'" inakusaidia, na ukikuta umeiandika mara sita ndani ya wiki mbili, umeshajua cha kurekebisha.

Maswali 15 yaliyochambuliwa hivi kwa usiku mmoja yananitosha kumwamini mwanafunzi kuliko 80 yaliyokimbiwa.

Alama husomwaje? Ipi ni nzuri?

Jumla ni kuanzia 205 hadi 805, na kila alama huishia na 5. Kila sehemu ina alama yake ya 60 hadi 90, na sehemu zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla. Hilo la mwisho ni muhimu, maana bado wapo wanaoidharau sehemu ya takwimu kama nyongeza.

Usilinganishe na za zamani moja kwa moja. Kwa jedwali la GMAC, 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya toleo lililofungwa. Kwa hiyo shangazi anayekwambia "bila 700 usiombe" anazungumzia mtihani mwingine.

Nzuri ni ile inayoingia kwenye kiwango cha darasa la shule unayoomba. Shule nyingi huchapisha wasifu wa darasa lao. Angalia humo kabla ya kujiwekea lengo. Alama hudumu miaka 5.

Nitajisajilije, na kitambulisho gani kinahitajika?

Fungua akaunti mba.com, chagua tarehe, lipia kwa kadi. Ada hutofautiana kwa nchi na huwa zaidi ya dola 200 za Marekani, kwa hiyo angalia kiasi cha mahali ulipo kabla ya kuanza kukusanya. Hakikisha pia kadi yako ya benki imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya nje.

Beba pasipoti iliyo hai. Ukivuka mpaka kwenda kufanyia Nairobi ukiwa Mtanzania au Mganda, pasipoti ndiyo itakayokupokea.

Na jina! Jina kwenye akaunti liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia alijisajili kwa jina alilozoea kuandika, Abdalla, wakati pasipoti inasema Abdallah, na jina la babu akaliacha. Tuliliona jioni moja kwa bahati tukiwa tunapitia barua ya uthibitisho, zikiwa zimebaki wiki tatu, akaandikia huduma kwa wateja likarekebishwa. Lingeonekana asubuhi ya mtihani, angerudishwa mlangoni na ada ingepotea. Fungua pasipoti yako sasa hivi, iweke kando ya skrini, ulinganishe.

Ukitaka kuahirisha, inaruhusiwa kwa ada inayopanda kadiri siku inavyokaribia. Zikibaki chini ya saa 24, haiwezekani tena.

Nifanyie kituoni au nyumbani?

Maudhui, muda na alama ni vilevile. Tofauti ni mazingira. Nyumbani unahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, uwe peke yako, meza tupu, kamera, na intaneti isiyoyumba. Msimamizi anakuona muda wote na atakutaka uzungushe kamera chumba kizima. Mtoto akifungua mlango kukuuliza kitu, mtihani unaweza kusimamishwa. Fanya jaribio la mfumo kwa kompyuta ileile na intaneti ileile utakayotumia. Kompyuta za ofisini mara nyingi hukwama kwa sababu ya ulinzi waliowekewa.

Ushauri wangu hauyumbi: kama mtaani kwako umeme hukatika bila taarifa, nenda kituoni. Nauli na usiku mmoja wa nyumba ya wageni ni bei ndogo kuliko kumtazama msimamizi akipotea kwenye skrini ukiwa swali la tisa.

Siku yenyewe kuna masharti gani?

Kituoni fika dakika 30 kabla. Utapigwa picha, utachukuliwa alama ya kiganja, utaweka sahihi. Simu, saa, pochi na karatasi zote zinaingia kwenye kabati. Simu usiiguse hata wakati wa mapumziko, hata kujua saa tu. Utapewa kijitabu cha kurasa za plastiki na kalamu inayofutika. Nyumbani unaruhusiwa ubao mweupe mmoja wa takriban sentimita 30 kwa 50, pamoja na kalamu zake. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi, kwa hiyo nunua ubao mapema na ufanyie mazoezi juu yake. Kuandika kwenye ubao kuna ukubwa wake wa herufi na namna yake ya kujaa, usiikute siku ya mtihani.

Ninavaa hijabu. Nitazuiwa? Na ikiwa ni Ramadhani?

Mavazi ya dini yanaruhusiwa. Yanaweza kukaguliwa kwa heshima, na unaweza kuomba mkaguzi mwanamke. Ukiwa umefunga, chagua nafasi ya asubuhi kabla mwili haujachoka, au weka tarehe baada ya Idi kama shule yako inakupa muda.

Mwenye ulemavu wa kuona, wa kusikia, au hali nyingine ya kiafya anaweza kuomba muda wa ziada au mapumziko zaidi. Maombi hayo hutangulia kujisajili, tena yanahitaji nyaraka za daktari, kwa hiyo anza miezi kadhaa kabla.

Kuna kundi linauza "maswali halisi" ya mtihani. Ninunue?

Usinunue, na toka kwenye kundi. Kabla ya kuanza mtihani unakubali mkataba wa kutofichua maswali. Usipokubali, mtihani haufunguki. Mwaka 2008 GMAC ilifunga kwa njia ya mahakama tovuti iliyokuwa ikisambaza maswali hayo, na ikafuta alama za makumi ya watu waliohusika, baadhi wakiwa wameshazituma shuleni. Na kwa kuwa maswali hutoka kwenye hazina kubwa na kila mtu hupata yake, mengi ya hayo yanayouzwa ni ya kubuni tu.

Lini niufanye ili niwahi maombi?

Shule nyingi za Marekani na Ulaya hupokea maombi kwa awamu. Za Marekani, ya kwanza hufungwa karibu na Septemba na ya pili karibu na Januari. Ukilenga ya kwanza, fanya mtihani kufikia Juni au Julai ili ubaki na nafasi ya kurudia na utulivu wa kuandika insha. Kituoni utaona alama zisizo rasmi ukimaliza, na rasmi hufuata baada ya siku chache. Zikitoka, una saa 48 za kuzituma bure kwa programu za masomo hadi tano. Baada ya hapo kila moja inalipiwa.

Nimepata alama ndogo. Nirudie?

Unaweza kurudia baada ya siku 16, hadi mara 5 ndani ya miezi 12. Shule inaona alama ulizochagua kuituma tu, kwa hiyo jaribio baya halikufuati.

Kabla ya kulipia tena, fungua ripoti yako ya kina uangalie mambo mawili: ulikosa wapi, na muda ulikwenda wapi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliamini hesabu zimenishinda. Ripoti ikaonyesha maswali kumi ya mwanzo nilikuwa nimeyapata karibu yote, kwa wastani wa dakika tatu kila moja, na manne ya mwisho niliyabofya ndani ya dakika moja. Niliporudi kujiandaa sikufungua kitabu cha fomula. Nilinunua saa ya jikoni ya shilingi elfu tano, nikawa naitegesha dakika mbili kwa kila swali, ikilia naandika jibu nililonalo.